Kompyuta Yangu Niachieni

Jumapili shangazi alikuja kunijulia hali, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akanikuta kitandani, laptopu mapajani. Hakusema neno. Aliifunga, akaiweka juu ya kabati nisikoweza kufika, akarudi kunifunika shuka. "Upone kwanza, mwanangu. Hayo ya kompyuta yapo tu."

Shangazi ndiye anayenisindikiza kliniki ya saratani tangu Februari, na sina wa kumlinganisha naye. Lakini usiku ule nililia, na sikulia kwa maumivu.

Upone kwanza. Majirani wanasema hivyo, wa kanisani wanasema hivyo, hata fundi cherehani wangu. Kana kwamba maisha yamesimama nje ya mlango yananisubiri. Dripu zangu ni sita, moja kila baada ya wiki tatu, halafu mionzi. Hiyo ni karibu nusu mwaka. Nikae nusu mwaka nikitazama dari? Nywele zimekwenda, ladha ya chakula imekwenda, kazi nimepewa likizo. Kilichobaki ambacho bado ni changu kabisa ni hiki ambacho hakuna anayenilipa kukifanya, na ndicho mnachokiondoa kwanza!

Tangu 2021 natengeneza kikagua tahajia cha Kiswahili kwa ajili ya Hunspell, programu ya kukagua maneno inayotumiwa na LibreOffice ya kuandikia nyaraka na Firefox ya kuvinjari mtandao. Nilichoka kuona mstari mwekundu chini ya maneno ya mama yangu. Ugumu wake ni kwamba Hunspell kwa kawaida hubandua kiambishi awali kimoja tu, na sisi tunavipanga vitatu, vinne kabla ya kufika kwenye mzizi. Kwa hiyo nilipo-, ulipo-, alipo-, tulipo-, kila nafsi na kila wakati, naviandika kama kipande kimoja kimoja. Ni kazi ya subira, na subira kwa sasa ninayo tele.

Siku ya dripu ya tatu, kanula mkono wa kushoto, nachapa kwa wa kulia. "Alipozaliwa" inakubali. "Aliyezaliwa" inakubali. "Alikozaliwa" inapigwa mstari. Nilihangaika nayo karibu saa nzima, kumbe "ko" sikuiandika kabisa. Nikaiandika. Nesi alipokuja kubadilisha chupa akauliza, "Dada, unafanya nini?" Nikamwonyesha. Akafikiri kidogo, akasema, "Jaribu alikolazwa." Ikakubali. Tukacheka wote wawili, na mama wa kiti cha jirani akataka kujua tunachekea nini. Saa ile sikuwa mgonjwa namba fulani. Nilikuwa mtu aliyekosea "ko" na kuipata.

Najua, kuna siku za kuiacha. Siku tatu baada ya dripu kichwa kina ukungu. Mwezi wa Machi niliharibu faili la kanuni za maneno katika hali hiyo, ikanichukua wiki kulirudisha. Vidole vinakufa ganzi. Daktari akisema damu imeshuka, lala, nalala. Na wanaolazimika kufanya kazi wakiumwa kwa sababu hakuna mshahara, hilo ni jambo jingine na ni zito kuliko langu.

Pieter Hintjens, Mbelgiji aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa ZeroMQ, nyenzo ya kuwezesha programu za kompyuta kutumiana ujumbe, aliambiwa mwaka 2016 kwamba saratani imerudi na haitatibika. Aliandika namna anavyotaka watu wazungumze naye. Wasimwambie apigane, wala awe na matumaini. Wamkumbushe waliyofanya pamoja, au wamwambie wamenunua kitabu chake. Alifariki Oktoba ile. Mimi madaktari wangu wana matumaini, lakini ombi lake nalielewa kila herufi.

Nywila za mradi nimempa mwenzangu wa Morogoro. Shangazi alidhani nimekata tamaa. Hapana, shangazi. Bram Moolenaar, aliyeunda Vim, programu ya kuhariri maandishi, alipofariki Agosti 2023, wengine waliishika kazi, na Januari 2024 toleo la 9.1 likatoka kwa heshima yake. Kitu ukikipenda unakiwekea wa kukitunza.

Kwa hiyo mkija kunitazama, leteni uji, na niulizeni ni neno gani limekataa wiki hii. Jumanne ni dripu ya nne. "Alikolala" inapita sasa. "Alimolala" bado.