Hamsta jike: atolewe kizazi mapema, au asubiriwe?

Usiku mmoja majuzi mpwa wangu anayeishi Leicester, Uingereza, alinipigia simu, sauti inatetemeka. "Mjomba, Mchele anatoka usaha!" Mchele ni hamsta wake jike, kimnyama cha kufugwa mfano wa panya mnene, wa ile aina kubwa ya Syria. Nikamwambia ahesabu siku. Uchafu ule ukakoma, siku ya nne ukarudi: mweupe, mzito, unavutika kama ute wa bamia, unanuka. Hakuwa mgonjwa. Hamsta jike huingia joto, yaani huwa tayari kupandwa, kila baada ya siku nne, na kesho yake hutoa ute huo.

Lakini hofu ya mtoto haikuwa ya bure. Usaha kujaa kwenye mji wa mimba ni ugonjwa wa kweli wa majike hawa, hasa umri ukisogea. Ndiyo maana wapo wafugaji wanaotaka kizazi kitolewe mapema, kama afanyiwavyo sungura. Hoja yao ina uzito: ukisubiri, utampasua akiwa mzee, hoi, na sumu imeshaenea mwilini.

Mimi bado sishawishiki. Sungura huishi miaka minane na zaidi, na saratani ya kizazi humwandama. Hamsta huishi miwili hivi. Ana gramu 150, damu yake yote haijazi vijiko vitatu vya chai, na akilazwa kwa dawa ya usingizi mwili hupoa upesi. Akiamka, anatafuna nyuzi. Na kuhusu kuzuia mimba, jike wa Syria hukaa peke yake kizimbani. Ukimwekea mwenzake watararuana.

Kusubiri nako kuna masharti. Ute wa rangi ya njano au wenye damu, unaotoka kila siku, si ule wa siku ya nne. Tena usaha unaweza kufungiwa ndani usitoke hata tone; utaona tumbo linavimba tu, anakunywa maji mengi, hataki kutembea. Hapo mimi nahamia upande wa kisu, siku hiyohiyo, hata kama ni mzee. Na amoksilini iliyobaki kabatini asipewe kabisa: huua bakteria wazuri wa utumbo, akaharisha na kufa.

Mpwa wangu sasa anatia alama kwenye kalenda ya jikoni kila siku ya nne. Mama yake alidhani ni siku za kutoa taka.