Shampuu Haimfikishi Paka kwa Jaji

Majivu, paka wangu wa kwanza kumpeleka kwenye maonyesho ya paka, hakukiona hata kizimba chake. Tulisimama kwenye foleni ya daktari wa mifugo pale mlangoni, mimi kichwa kimenivimba kwa majivuno, yeye manyoya yanang'aa utadhani kapakwa mafuta. Daktari akampapasa tumbo, akamchungulia mdomoni na masikioni, akamwinua mkia, kisha akayapekua manyoya ya kiunoni, juu kidogo ya shina la mkia. Akaokota chembe mbili tatu nyeusi, akaziweka kwenye pamba iliyolowa maji. Tukangoja. Pamba ikageuka rangi ya kutu. Hakuwa na haja ya kunieleza: vumbi likilowa hubaki vumbi, lakini kinyesi cha kiroboto ni damu iliyonyonywa, kikipata maji hurudia wekundu wake. Tukarudishwa nyumbani kabla hata milango haijafunguliwa kwa watazamaji.

Nilimchukia yule daktari kwa siku mbili nzima. Ya tatu nikachukua kitana chenye meno ya kubanana, nikampitisha Majivu kuanzia kisogoni hadi mkiani, na viroboto wenyewe nikawaona kwa macho yangu. Juma zima nilikuwa nimemwosha, nimempuliza, nimemchana, na sikuwa nimemtazama.

Ndiyo maana watu wakiniuliza habari za maonyesho ya paka, na swali la kwanza likawa "shampuu gani?", huwa najikaza nisiwakatize. Shampuu ni swali la mwisho. Maonyesho ya paka yanaitwa mashindano ya urembo, ila ukikaa humo ukumbini siku moja utagundua kwamba kinachopimwa kwanza ni afya, kinachofuata ni tabia, na urembo unakuja baadaye ukiwa umebebwa na hayo mawili. Paka mzuri anayemuuma jaji hana alama. Paka mzuri mwenye kidonda haingii.

Na sheria hizo za mlangoni si ukatili. Fikiria mamia ya paka chini ya paa moja, kila mmoja katoka nyumba yake. Chanjo ya homa ya matumbo ya paka na ya mafua yao ni jambo la lazima kwangu hata pale ambapo waandaaji hawajaidai, na nyingine huongezwa kulingana na sheria za mahali. Lakini kinachowanyima usingizi wafugaji wazoefu ni choa. Ni kuvu, si mdudu. Mbegu zake hukaa kwenye mazulia na vitana kwa miezi mingi, humwambukiza paka na mwenye paka, na paka wa manyoya marefu anaweza kuwa nazo bila doa lolote la kuonekana. Ukimwona jaji anafuta meza na kunawa dawa mikononi kila anapomaliza paka mmoja, ujue hafanyi madoido.

Hofu ya viroboto nayo ilitaka kunitia katika kosa baya kuliko viroboto wenyewe. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinipa dawa ya matone ya mbwa. Nashukuru nilisoma kikaratasi. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina permethrini, sumu ya kuua wadudu, na ini la paka halina uwezo wa kuivunja kama la mbwa. Paka hutetemeka, hupata degedege, wengine hufa. Mafuta ya mti wa chai nayo, ambayo watu huyasifu kwa kuwa ni ya asili, ni sumu kwa paka. Usimpake paka kitu chochote ambacho hakikuandikwa kwamba ni cha paka. Habari ya shampuu niliyokuwa nayo ni hiyo tu.

Sasa, kuingia. Wengi hudhani lazima uwe na paka mwenye cheti cha nasaba, babu na bibi wote wameandikwa. Si kweli. Mashirika makubwa ya wafugaji wa paka, CFA na TICA yaliyoanzia Marekani, na GCCF la Uingereza, yote yana nafasi ya paka wa nyumbani asiye na ukoo unaojulikana. TICA huwapa hata vyeo vyao wenyewe wanavyovipanda hatua kwa hatua. Paka hawa hawalinganishwi na kipimo kilichoandikwa kwa aina fulani ya paka. Jaji anatazama afya, usafi, mwenendo, na lile jambo ambalo halina jina, linalomfanya mtu asimame mbele ya kizimba asiondoke. Sharti la kawaida ni kwamba mkubwa awe amehasiwa. Majivu ni paka shume mtupu, wa kijivu mwenye michirizi, sikio moja lina pengo la ugomvi wa zamani, na hapo ndipo nilipomwandikisha.

Kuna wanaoidharau daraja hiyo, wanaiita ya kujifurahisha. Mimi naiona ndiyo daraja mama. Harrison Weir, yule mchoraji aliyeandaa maonyesho makubwa ya kwanza ya paka pale Crystal Palace, London, tarehe 13 Julai 1871, alitaka watu wamtazame upya paka waliyemzoea kumwona akifukuzwa jikoni. Na mwaka 1895, kwenye maonyesho ya Madison Square Garden jijini New York, aliyeibuka wa kwanza kwa wote ni Cosey, paka wa Maine Coon, kizazi cha wakamata panya wa mashambani. Weir mwenyewe alikuwa rais wa kwanza wa National Cat Club, klabu ya wapenda paka ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1887, na baada ya miaka michache akaiacha huku akilalamika kwamba wanachama wengi walijali zaidi kushinda tuzo kuliko hali njema ya paka. Mzee wa watu alikata tamaa mapema namna hiyo! Angetembelea kumbi za leo sijui angesema nini.

Fomu ya kujiandikisha isikutishe, ila isome mara mbili. Maombi hufungwa wiki kadhaa kabla, na umri huhesabiwa kwa siku ya maonyesho, si siku unapojaza. Kwa CFA na TICA, kitoto cha paka ni yule aliyetimiza miezi 4 na hajafika 8. Ukimwandikisha leo akiwa na saba, huenda siku ikifika ameshahamia kwa wakubwa. Kwa wakubwa, aliyehasiwa na asiyehasiwa hawashindani pamoja. Jina, jinsia na rangi viandike sawasawa na vilivyo kwenye cheti chake kama anacho. Na usione haya kumpigia katibu wa maonyesho simu. Makatibu wamezoea, wengi hufurahi.

Baada ya hapo una wiki kadhaa, na kazi yenyewe ndiyo hii. Samaki mkunje angali mbichi: kitoto cha paka hujifunza kuwaamini binadamu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7 ya maisha yake, na aliyeshikwashikwa na watu mbalimbali katika siku hizo hukua akiiona mikono ya mgeni kuwa mikono tu. Mimi nilimpata Majivu akiwa mkubwa, ameshakauka, kwa hiyo tulikunjana polepole sana.

Tulianza na kikapu cha kubebea. Kwa paka wengi kikapu hutoka stoo siku ya daktari tu, kwa hiyo wakikiona wanajichimbia chini ya kitanda. Nilikiacha wazi sebuleni, blanketi ndani, na chakula chake nikawa nakiweka humo. Siku ya kumi na moja nikamkuta amelala ndani bila kualikwa. Kisha tukaenda mezani. Kila jioni, kabla hajala, nilimweka juu ya meza, nikamshika kifuani kwa mkono mmoja na chini ya miguu ya nyuma kwa mwingine, nikamnyoosha taratibu, nikamgusa masikio, nikamkunjua kidole kimoja kimoja, nikampitisha mkono mkiani hadi ncha. Dakika mbili, basi. Dakika mbili kila siku zinashinda saa moja ya Jumapili, na daima nilimshusha kabla hajaomba kushuka. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolikosea: wanangoja paka apigane ndipo wamwachie, na paka anajifunza kwamba kupigana ndiyo njia ya kushuka.

Halafu nikaanza kuwaomba wageni. Kila aliyekuja nyumbani, kabla hajakaa vizuri, alikabidhiwa paka. Mtu mnene, mtu mwenye ndevu, mtu mwenye manukato makali. Nikawasha redio kwa sauti, nikaburuta viti. Majirani walinionea huruma, nadhani.

Humo humo unajifunza kumsoma. Mkia unaochapa, masikio yanayolala kando, ngozi ya mgongo inayorukaruka, mboni zilizopanuka chumba kikiwa na mwanga wa kutosha: hayo yote ni maneno, na kufoka ni neno la mwisho katika sentensi ndefu ambayo hukuisikiliza. Kuna paka ambaye ukimfanyia haya yote kwa miezi mitatu bado atakuambia hapana. Wa hivyo ninao mmoja, dada wa kambo wa Majivu, mzuri kuliko yeye mara mbili. Hajawahi kutoka na hatatoka. Wapo wanaowaza dawa ya kutuliza. Kumpumbaza paka ili ahukumiwe ni marufuku kwenye maonyesho, na hata pasingekuwa na marufuku ningekuuliza unamshindanisha nani, paka au dawa?

Kuoga nitapita haraka. Wa manyoya marefu huoshwa siku moja au mbili kabla, husuuzwa mpaka maji yatoke safi na manyoya yatoe mlio ukiyavuta, kisha hukaushwa kwa draya ya upepo wa uvuguvugu huku yakichanwa kutoka kwenye ngozi. Wa manyoya mafupi heri umwoshe siku kadhaa kabla ili mafuta yake ya asili yarudi, na wengine kitambaa laini kinatosha. Kagua shina la mkia, hasa kwa dume, maana hapo hukusanyika mafuta yanayofanya manyoya yashikamane kama nta. Wanaotumia unga wa kukausha mafuta waupige brashi wote utoke. Jaji akiuona anaweza kukunyima tuzo. Kucha zikatwe za mbele na za nyuma, ncha tu, mbali na ile sehemu ya waridi yenye mshipa wa damu. Zikate siku mbili kabla, usingoje asubuhi ya safari wakati mikono yako inatetemeka kuliko yake.

Siku yenyewe inategemea utaratibu wa waandaaji. Kwa Waingereza, desturi ya zamani ni kizimba kisichokuwa na alama yoyote ya mwenyewe: blanketi jeupe, trei nyeupe ya mchanga, bakuli jeupe la maji, namba shingoni, na mwenye paka anaondolewa njiani ili jaji apite bila kujua nani ni nani. Kwa mtindo wa Marekani paka hupelekwa kwenye meza ya jaji mbele ya watu, jaji anazungumza kwa sauti, anamchezesha kwa unyoya, na siku moja anaweza kupita kwa majaji kadhaa wenye maoni yanayopingana. Mimi nauhusudu mtindo wa Waingereza kwa haki yake, ila nimejifunza zaidi kwa wa Kimarekani, kwa kuwa jaji anapomshika paka huku akieleza unaona anachokitafuta.

Na unaona pia kisichokupendeza. Katika kipimo cha CFA cha Persian, yule wa manyoya marefu na uso bapa, kichwa pekee kina alama 30 kati ya 100, na kwa miaka mingi alama hizo zimewasukuma wafugaji kuufupisha uso hadi paka anakoroma akiwa macho na machozi hayakauki. Scottish Fold, yule wa masikio yaliyokunjwa, GCCF na FIFe, shirikisho la kimataifa la paka lenye mizizi Ulaya, hawamtambui, kwa sababu kasoro ile ile inayokunja sikio huharibu gegedu na viungo vya mwili mzima. Mashirika mengine bado yanampa tuzo. Hapo sina lugha ya kidiplomasia: ningekuwa jaji nisingemshika.

Majivu alirudi maonyeshoni miezi saba baadaye. Kwa daktari alipita, nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu ile siku ya pamba. Mezani alinyooshwa, akaguswa lile sikio lenye pengo, akapiga mwayo mbele ya jaji, watu wakacheka. Akawa wa tatu. Utepe wake upo, umechakaa kwa kuchezewa na yeye mwenyewe.

Mara iliyofuata kila kitu kilikuwa tayari: kucha, manyoya, makaratasi, mfuko wa mchanga. Asubuhi nikafungua mlango wa kikapu, na Majivu, ambaye huingia humo kwa hiari kila siku ya Mungu, akakaa chini, akanitazama, akaanza kuchapa mkia. Nikangoja nusu saa. Nikapiga simu kwa katibu kwamba hatuji. Ada haikurudishwa, na sikuidai. Nilipotoka kuvua viatu nilimkuta amelala juu ya kikapu, si ndani, na pale pale akabaki hadi saa sita mchana.