"Songa songa!" Sawa afande, nisonge niende wapi?

Nianze na hili tusipoteze muda: askari wa trafiki akikwambia toa gari hapa, toa. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva atii maelekezo ya polisi aliye kazini, awe amesema kwa mdomo au ameonyesha kwa mkono. Wengi wetu tunakosea hapo, tunashuka kwenye gari tunaanza kubishana eti mbona hakuna alama ya kukataza, kumbe kosa la kupaki laweza kuwa halipo kabisa lakini la kukaidi ushalifanya wewe mwenyewe.

Na sababu ipo. Njoo Malindi Ijumaa saa saba mchana, msikiti umejaa, gari zimepangwa pande zote mbili, tuktuk zinajipenyeza katikati, mwenye mkokoteni wa maji kakwama, halafu nyuma inatokea ambulansi na king'ora chake. Hiyo foleni hakuna sheria ingeijua mapema, lazima awepo mtu mmoja aseme wewe rudi nyuma, wewe panda kwenye mchanga, na asiulizwe kifungu gani. Wanaokwenda Lamu kwa barabara ya Garsen ndio wanajua zaidi, kule wakiambiwa ngojeni eskoti ya polisi habishi mtu, tangu yale mashambulizi ya Mpeketoni 2014 kila mtu anaelewa. (Wa Lamu mji wa kale raha zao, huko ni punda, na punda hajui afande.)

Lakini dereva naye ana lake. Tuseme una tuktuk, umesimama karibu na soko, umebeba mama mtu mzima na gunia lake la nazi, mguu mmoja keshashusha mwengine bado uko ndani, afande anagonga bati kwa kiganja, songa songa! Unasonga hatua kumi. Pale mbele kuna askari wa kaunti na mnyororo wake wa gurudumu, kwake yeye umepaki pasipo ruhusa. Umemtii mmoja umemkosea mwengine. Na hii imetoka mbali, katiba ya 2010 imeweka trafiki na maegesho kwenye orodha ya kazi za kaunti, polisi nao wako chini ya Inspekta Jenerali, kwa hivyo wawili wanaamrisha gari moja na kila mmoja ana bosi wake.

Tena "songa" halina risiti. Likishasemwa limekwenda na upepo, ukifika kortini ni neno lako na la afande. Madereva wakorofi wapo, anaambiwa toka anainua simu ajifanye anaongea na mkubwa, ila na maafande wapo ambao amri kwao ni mlango wa kuomba ya chai, ukikataa ndio unageuzwa mkaidi.

Mi naona mamlaka yabaki, ila amri iwe na mwisho wake: songa mpaka pale, nyuma ya ile basi, na pale paliposemwa wa kaunti asiguse gari mpaka abiria ashuke. Kwa sasa we songa kwanza, andika saa na mahali na namba ya afande ukiiona, ukiwa umeonewa, IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, iliundwa kwa sheria ya 2011 kwa malalamiko kama hayo. Na lile gunia la nazi mrudishie mama wewe mwenyewe hizo hatua kumi, yeye hakuambiwa asonge.