Jahazi Kuukuu: Kulifufua au Kulipasua Meza?

Mbao za jahazi lililozeeka zina soko Lamu na Unguja. Seremala huzinunua, akatoa meza, viti na fremu za vioo kwa ajili ya hoteli, rangi ya zamani ikiachwa makusudi ionekane. Kwa mwenye chombo kilicholala ufukweni hiyo ndiyo njia ya mkato ya kupata pesa, na wanaomshauri aifuate si wajinga. Mbambakofi, mbao ngumu ya kuundia majahazi, imeadimika. Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, katazo likaongezwa muda hadi 2023, na wakata mikoko wa Lamu wakakumbwa nalo. Boti ya faiba haitaki kalafati, yaani kuzibwa kwa pamba nyufa za kati ya mbao, na yenye mashine haingoji pepo za kusi wala kaskazi. Tena, ukishamaliza kulitengeneza jahazi, utalipakia nini? Mizigo mingi imehamia kwenye malori na meli za chuma.

Hesabu hiyo naikubali. Ninayoipinga ni kauli inayoandamana nayo, kwamba jahazi lililobadilishwa nusu ya mbao zake si lile tena, ni pambo la watalii.

Anayesema hivyo hajakaa na mafundi wakifanya kazi. Fundi mwangalifu hang'oi mbao zote kwa pamoja. Huutoa ubao mmoja uliooza, akaufanya kipimo cha ubao mpya, akaupigilia huo mpya mahali pake, ndipo ahamie mwingine, mara ubavu huu mara ubavu ule, ili chombo kisipinde. Mataruma, yaani mbavu za chombo, nayo hivyo hivyo: moja hutoka, moja huingia. Jahazi linalofanya kazi hubadilishwa mbao maisha yake yote, na sijamsikia nahodha akijiuliza kama chombo chake bado ni kilekile.

Mafundi wa Matondoni na Kizingitini katika visiwa vya Lamu, na wa Nungwi huko Unguja, hawaundi kwa michoro. Upana wa tumbo, mnyanyuko wa omo (sehemu ya mbele), namna tezi (sehemu ya nyuma) inavyokaa majini, vyote hupimwa kwa jicho na kwa mkono uliofundishwa na mkono mwingine. Basi jahazi kuukuu ndilo mchoro wenyewe. Likishakuwa meza, mbao zimebaki ila umbo limepotea, na umbo hilo halikuandikwa popote.

Tuliwahi kulipia hasara ya namna hii. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Zanzibar ilipotaka kuunda mwingine miongo kadhaa baadaye, hapakuwa na mtepe hata mmoja wa kuupima. Ilibidi kutegemea vielelezo vidogo, picha na maandishi ya watu waliouona. Oman walikuwa na bahati zaidi. Merikebu yao Jewel of Muscat, iliyosafiri hadi Singapore mwaka 2010, iliundwa kwa kufuata mabaki ya merikebu ya karne ya 9 yaliyopatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mwaka 1998. Hata hivyo mabaki hayakutosha: walihitajika pia washonaji wa vyombo kutoka Kerala, India, ambako mikono ilikuwa bado inaijua kazi. Mbao za kale zilieleza umbo, watu wakaeleza ushonaji. Sisi kwa mtepe tulikosa vyote viwili.

Ndiyo maana makumbusho peke yake hayanitoshi. Mtepe ule wa Zanzibar uliwekwa Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020. Na hata paa likiwa imara, chombo kilichowekwa nchi kavu hukauka, mbao zikasinyaa na pamba ya kalafati ikalegea. Kikiachwa nje ni balaa zaidi, kwa sababu maji ya mvua yanayotuama ndani huozesha kuliko ya chumvi. Chombo kinachosafiri hupandishwa pwani, kikapigwa moto wa makuti chini kuua wadudu watobao mbao, kikapakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa, kikarudi majini. Kazi hizo ndizo zinazompa kijana nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo safari za machweo za watalii, zinazodharauliwa sana, sioni ubaya wake. Zinalipia pamba, mafuta na misumari. Wanaopinga ufufuaji wana hoja moja nzito kuliko ile ya pesa: ufadhili wa kufufua jahazi unaweza kuishia kwenye mbao, rangi na sherehe ya kulishusha majini, fundi akafanya kazi na wazee wenzake, wakaondoka na elimu yao. Posho ya wanafunzi wawili watatu wa kukaa naye tangu mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hadi tanga iandikwe kwenye bajeti kabla ya bei ya mbao. Mfadhili akiona posho hiyo ni nyingi mno, mwenye jahazi na amuuzie seremala.