Chaja nyepesi si lazima iwe feki

Mvuvi wa dagaa pale Kirumba Mwaloni, soko la samaki jijini Mwanza, akitaka chaja ya betri za taa zake, huipima kwanza kwa mkono. Ikiwa nzito analipa, ikiwa nyepesi anairudisha: "Hii feki." Mafundi wengi wanamuunga mkono, na wana sababu. Chaja ya transfoma ya chuma haina vitu vingi vya kufa. Koili ikiungua unaiwaindi upya, na umeme ukirukaruka inavumilia.

Ila uzito ule unatokana na umeme wetu wa hezi 50. Masafa, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde, yakipanda, kazi ileile inahitaji chuma na shaba kidogo zaidi. Chaja nyepesi huyapandisha kwa mosfeti, swichi ya kielektroniki inayowashwa na kuzimwa mara nyingi mno kwa sekunde. Kwenye kilohezi 100, transfoma ya wati 200 inaenea kiganjani.

Kinachozuia kupanda zaidi ni joto, na dawa yake ni rezonansi, ambayo wengi hawaielewi. Kila mosfeti ina kapasita ndogo ya asili ndani yake, yaani sehemu inayotunza chaji ya umeme. Ikiwashwa huku kapasita hiyo imejaa, nishati yote inageuka joto humo humo. Chukua pikofaradi 100 na volti 400: ni mikrojuli 8 kwa kila kuwashwa, yaani kama si kitu. Kwenye kilohezi 100 inakuwa wati 0.8. Kwenye megahezi 1 ni wati 8, ndani ya kidude cha ukubwa wa ukucha. Kwenye megahezi 10 ni wati 80, na hapo hakuna feni ya kukuokoa.

Saketi ya rezonansi, koili na kapasita zikipokezana nishati, huishusha volteji ya mosfeti hadi sifuri kabla haijawashwa, kama abiria anayengoja wimbi liinue mtumbwi ulingane na gati ndipo avuke. Hasara ile karibu yote inaondoka. Hata upande wa rektifaya, unaotumia dayodi kugeuza umeme uende upande mmoja wa kuchaji betri, kapasita ya dayodi iliyokuwa kero inahesabiwa kuwa sehemu ya saketi. Wala si mambo ya jana: Mhandisi Nathan Sokal na mwanawe Alan walichapisha amplifaya (saketi ya kukuza mawimbi ya umeme) yao ya daraja E, yenye wazo hilihili, mwaka 1975.

Ugumu upo kwenye matengenezo. Ukibandika kapasita iliyozidi kwa asilimia 20, masafa ya rezonansi yanashuka karibu asilimia 9, na saketi inatoka kwenye mstari. Na hizi chaja zinafika bila mchoro, jambo linaloniumiza sana.

Mwezi uliopita nililetewa moja iliyokuwa inaunguza mkono. Aliyeitengeneza kabla yangu aliiwaindi kwa waya mmoja mnene, kama wa transfoma ya chuma. Kwenye kilohezi 100 mkondo hupita kwenye ganda la nje la shaba, kina cha milimita 0.2 hivi, kwa hiyo katikati ya waya ule hapakuwa na kazi. Nikasokota nyuzi nyembamba 60 zenye vanishi, nikaiwaindi upya. Nikaiacha ichaji saa tatu, nikachomoa, nikaigusa koili. Ilikuwa vuguvugu tu.