Mawe ya Mwanza yanastahili kamba, si nyundo peke yake

Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nimekulia Mabatini, kule mlimani ambako nyumba zimebanana katikati ya majabali na pengine ngazi ya kufikia mlangoni ni jiwe lenyewe. Hata hivyo ilibidi nifike chuoni Colorado ndipo nione mtu mzima akipanda mwamba kwa raha yake tu, akashuka, akapanda tena, na wapita njia wasimwone amepungukiwa na akili.

Aliyenipeleka ni rafiki yangu, mzaliwa wa Bukavu, niliyekuwa nikisoma naye uhandisi. Wazazi wake walihamia Denver yeye akiwa mdogo, na kupanda miamba alijifunza tangu sekondari. Jumamosi moja tukaenda Boulder Canyon, bonde lililo magharibi ya mji wa Boulder. Nilipougusa ule mwamba nilishtuka: itale, ileile ya kwetu, yenye chembe zinazometa na ukali unaokwaruza viganja.

Akanivalisha mkanda wa kiunoni na mapajani, akanifundisha kufunga fundo la nane, akalikagua, kisha akaniambia na mimi nikague chombo chake cha kushikia kamba. Ndiyo desturi: kila mtu humkagua mwenzake kabla mguu haujaondoka chini, hata kama wamepanda pamoja miaka na miaka. Kamba ilikuwa imepitishwa kwenye pete za chuma juu ya ukuta na kurudi chini mikononi mwake. Nilipofika katikati, mguu wa kushoto ulianza kutetemeka wenyewe na vidole vikafa ganzi. Nikamsikia akisema kwa utulivu, "Panda tu, ndugu yangu, niko nakushika." Nikapanda.

Tangu siku ile mchezo huu umenikaa moyoni. Asiyeujua hudhani ni kazi ya mikono, kumbe ni kazi ya miguu na nyonga. Unatafuta kijinundu kisichozidi upana wa kidole gumba, unakikanyaga kwa ncha ya kiatu, unahamisha uzito polepole mpaka kiuno kiwe juu ya mguu, halafu unasimama. Mwamba uleule uliokukataa ukiupapatikia hukupokea ukitulia. Sijapata kitu kingine kinachonidai umakini wa namna hiyo.

Nikiwasimulia ndugu zangu nyumbani, husema wenzetu wana fedha. Ni kweli, viatu vya kupandia vinaweza kupita dola mia, na kamba nzuri ya mita 60 hupita hapo. Lakini kinachonitia wivu zaidi ni jinsi miamba inavyotunzwa. Kuanzia Februari mosi hadi mwisho wa Julai, mji wa Boulder hufunga baadhi ya kuta zake ili kozi na tai watage na kulea makinda. Wapandaji hutii, wakaenda kwingine. Tangu mwaka 1947 kuna kikosi cha watu wa kujitolea kinachookoa wanaokwama milimani, na hawamtozi mtu hata senti.

Sasa geuza uso uangalie kwetu. Miamba yetu ina mijusi wenye vichwa vyekundu na miili ya buluu, ina pimbi, ina jiwe linalocheza kule kisiwani Ukara, na Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, limekuwa sura ya jiji zima. Lakini kwa mengine mengi tunajua matumizi mawili tu, msingi wa nyumba na kokoto. Siwalaumu akina mama wanaoponda kokoto juani kutwa; ndiyo ada ya shule ya watoto wao. Ninachokilalamikia ni kwamba hakuna hata jabali moja tulilokaa kama jiji tukasema hili liachwe, vijana wacheze. Hata Kilimanjaro, vijana wetu wengi waliofika juu walifika na mzigo wa mgeni kichwani. Mlima tumeujua kama mahali pa kazi, na mtoto akikwea jabali nyuma ya nyumba huitwa ashuke kwa kiboko.

Wala sisemi ughaibuni kila kitu ni kizuri. Mnapanda bega kwa bega kutwa nzima, jioni kila mmoja anaingia garini kwake, na hakuna aliyekuuliza kama kwenu hawajambo. Bila gari huendi popote, na siku nyingi mimi na rafiki yangu tumekuwa weusi pekee kwenye ukuta mzima. Nilipokuja likizo nikapanda jiwe na binamu zangu, nusu ya mtaa ulikusanyika. Shangazi aliketi kivulini na sufuria ya viazi, wazee wakatuelekeza pa kushika, na kila aliyefika juu alipigiwa vigelegele. Raha ile Boulder sijaipata.

Nasema hivi kwa sababu mchezo wenyewe si wa nchi tajiri peke yake. Uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza katika michezo ya Tokyo, mwaka 2021. Paris mwaka 2024, dhahabu ya wanaume ya mbio za kupanda ukuta wa mita 15 ilikwenda Indonesia: Veddriq Leonardo aliumaliza kwa sekunde 4.75.

Mwanza haihitaji ukuta wa kujengwa. Inahitaji majabali machache yatengwe kabla hayajafikiwa na nyundo, pete za chuma cha pua zinazofungwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, kamba ambazo umri wake unajulikana, na mwalimu wa kuzisimamia. Mimi na yule rafiki yangu tumekubaliana kuchangia kamba na mikanda. Jabali la kuanzia, na kibali chake, hilo ni la jiji kutoa.