Mtandao Unasumbua

Ofisi za mjini zina sentensi moja inayofuta dhambi zote: "Mtandao unasumbua." Ankara haijaenda kwa mteja? Mtandao unasumbua. Ripoti ya Ijumaa inasomwa Jumatano? Mtandao. Bado siku chache tu, mtu atachelewa kazini aseme mtandao wa daladala ulikuwa chini, na wenzake wataitikia, "Pole sana."

Mtandao wenyewe, maskini, umefika mlangoni salama. Waya wa faiba umeingia, taa zinawaka kijani, megabiti 20 mlizolipia zimo ndani. Zinafia hapo kati ya ruta, kile kisanduku kinachowagawia waifai, na simu yako, hatua kumi na tano tu, na wauaji wote mnakunywa nao chai.

Wa kwanza ni kabati. Ruta imefungiwa kwenye kabati la chuma chumbani kwa bosi, eti ni mali ya ofisi, itaibwa. Jamani, mawimbi hayapenyi chuma. Yakigonga yanarudi yalikotoka. Yale machache yanayoponyoka kwenye upenyo wa mlango yanakutana na nguzo ya zege yenye nondo, halafu jokofu, ndipo yamfikie mhasibu yakiwa hoi. Bosi huko kwake anaona mistari yote imejaa, anashangaa watu wanalalamikia nini. Pakua apu yoyote ya bure ya kupima waifai kwenye simu ya Android, tembea nayo meza hadi meza. Namba ni ya nguvu ya mawimbi, ikikaribia sifuri ndiyo nzuri. Ikisoma hasi 50, starehe. Hasi 67, kikao cha video bado kinaenda. Hasi 80, hapo mnapeana moyo tu. Dawa yake ni bisibisi na skrubu mbili: ruta itoke kabatini, ipande ukutani juu ya vichwa vya watu, katikati ya ofisi. Antena zisimame wima, maana mawimbi hutokea ubavuni mwa antena, si nchani. Ukizilaza kama mtu aliyeshiba ubwabwa, unawagawia wapangaji wa ghorofa ya juu na ya chini, na hakuna atakayekuja kusema asante.

Haya, ruta imetoka kifungoni. Sasa inaingia kwenye foleni. Masafa ya gigahezi 2.4, barabara ya kawaida ya waifai, yana chaneli, yaani njia, 13 kwenye menyu ya ruta, lakini zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Jengo zima, yaani wakili, fundi cherehani, wakala wa tiketi na nyinyi, mmebanana humo. Walio kwenye chaneli moja angalau husikilizana, huyu akisema yule ananyamaza. Kisha anatokea mjanja mmoja, kaona 1 imejaa na 6 imejaa, kaweka ruta yake chaneli 3. Huyo ni bajaji inayopita katikati ya njia mbili! Anawachafua wa kushoto na wa kulia, na yeye mwenyewe haendi popote, kwa sababu kwake yeye kelele za pande zote mbili ni vurugu tupu, hajui ampishe nani.

Ikifika saa saba mchana, mikrowevu ya jikoni inawashwa. Nayo inapasha maharage kwa masafa hayohayo ya gigahezi 2.4, na mlango wake ukishalegea, mawimbi yanavuja. Dakika tatu za maharage ni dakika tatu za mkurugenzi kuganda kwenye skrini, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Walio karibu na ruta wahamie gigahezi 5, kule nafasi ni kubwa na mikrowevu haiwafikii. Ila kuta zikizidi mbili, gigahezi 5 inachoka mapema kuliko 2.4, kwa hiyo wa stoo wabaki walipo.

Waifai ikisuasua, kila mmoja anawasha hotispoti ya simu yake. Watu kumi, hotispoti kumi. Ukitumia waya wa USB kutoka kwenye simu hadi kwenye laptopu, hapo hakuna ubaya. Lakini hotispoti ya hewani ni kituo kingine kinachopiga kelele kwenye masafa yaleyale. Mmekimbia kelele kwa kuongeza wapiga kelele.

Sasa Jumatatu. Jumatatu asubuhi ni msiba wa peke yake. Simu zimeagizwa zisipandishe picha kwenye hifadhi ya mtandaoni mpaka zipate waifai, maana bando la mtu linauma. Zimevumilia Jumamosi na Jumapili nzima. Saa mbili asubuhi zinaingia ofisini, zinanusa waifai, zinafunguka kama bwawa: harusi ya Mbagala, kipaimara, video ya dakika tisa ya keki inakatwa. Zote zinapanda kwa mpigo. Na ukiona kupanda kumejaa, usidhani kushuka kumepona. Kila mzigo unaoshuka unahitaji kirisiti kidogo kirudi juu kusema nimepokea. Kirisiti kikikwama nyuma ya keki, anayetuma mzigo anapunguza mwendo, na hata barua pepe tupu inafunguka kwa shida. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, kila simu iwekewe kikomo cha kupandisha, tuseme megabiti 1. Harusi itapanda taratibu mpaka saa sita. Haina haraka, walishaoana.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana na uchawi: simu inaona waifai, paswadi ni sahihi, lakini inazunguka tu, "inapata anwani ya IP", ile namba ambayo ruta hukipa kila kifaa ili kijulikane mtandaoni, haipati. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na orodha fupi ya anwani, nyingine 100 tu, na mara nyingi kila anwani inakodishwa saa 24. Watu ishirini na tano, kila mmoja simu mbili na laptopu, tayari 75. Ongeza kamera, televisheni ya mapokezi, na wateja waliopita asubuhi wakaondoka na anwani zenu mfukoni. Punguza muda wa kukodisha uwe saa 8 kwa wafanyakazi na saa 1 kwa wageni, na wageni wapewe waifai yao pembeni. Maana paswadi iliyobandikwa mapokezi tangu ofisi ifunguliwe, hata bodaboda wa chini wanaijua, na mmoja huwa anawakumbusha wafanyakazi wapya.

Printa je? Umeme ukikatika ukarudi, printa inaweza kuamka na anwani mpya, kompyuta zinaendelea kuita ile ya zamani. Mhasibu anabofya chapisha. Kimya. Anabofya tena. Anabofya mara saba, ya mwisho kwa hasira. Jioni printa inapatikana, inatapika ankara saba za mteja yuleyule. Ipeni anwani ya kudumu, nje ya ile orodha ya kukodisha, mambo yaishe.

Na huo umeme. Ruta ikiungua adapta, mtu anaokota yoyote yenye kichwa kinachoingia. Ruta inataka volti 12, kapachika ya volti 9. Taa zinawaka, kila mtu anapiga makofi, halafu watu wakizidi kumi inajizima na kuwaka upya, siku nzima. Kasomeni maandishi chini ya ruta: volti zilingane, ampea zisipungue. Na hiyo soketi iandikwe USICHOMOE kwa herufi kubwa, kwani hakosekani mtu wa kuchomoa ruta ili achaji simu apate kuingia waifai.

Kama bado mnabishana mkosaji nani, chukua waya wa mtandao, chomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta, zimeni waifai, pimeni kasi. Zikija 20 zote, mtoa huduma yuko safi na ubaya ni wenu. Jaribio la dakika mbili. Tatizo ni kwamba likishafanyika, itabidi mtu aeleze kwa nini ankara haikwenda, na waya wenyewe uliokuja na ruta unaulizwa kila siku, kumbe umefungia mlango wa stoo.